Korongo Lako Limeanzia Juu: Kazi ya Mtaalamu wa Hifadhi ya Udongo

Simu nyingi tunazopokea zinahusu korongo. Mkulima anaeleza kwamba limeshakula robo ya shamba, mwaka jana mbuzi alitumbukia humo, basi tuje tulizibe. Tukifika hushangaa kuona tunalipita korongo lake na kuendelea kupanda mlima.

Tunakwenda kuyatafuta maji. Mara nyingi chanzo ni kalavati la barabara linalomwaga mahali pamoja maji yote ya mlimani. Pengine ni njia ya ng'ombe iliyonyooka hadi mtoni, au shamba la jirani ambalo matuta yake yanashuka na mteremko badala ya kuukata. Ukilijaza korongo mawe bila kuyageuza maji huko juu, masika yatayang'oa mawe hayo na kuchimba pembeni yake. Kwa hiyo sehemu ya kazi yetu, ambayo haikufundishwa sana darasani, ni kuwakutanisha mwenye shamba la chini na mwenye shamba la juu, kwa sababu asiyepata hasara ndiye anayetakiwa kushika jembe.

Hata hivyo korongo lina nafuu moja: linaonekana. Udongo mwingi hutoroka kimyakimya, mvua ikiukwangua shamba zima kama utando. Milimita moja tu ya udongo kwenye hekta moja ni mita za ujazo 10, sawa na takribani tani 12, na hakuna jicho linaloweza kuona kwamba shamba limeshuka kwa milimita moja. Tunategemea dalili: mizizi ya muembe iliyobaki wazi, mahindi ya manjano juu ya shamba na ya kijani kibichi bondeni. Wakulima wengi hutuambia kwamba shambani kwao "mawe yanaota". Mawe hayajasogea, udongo uliokuwa umeyafunika ndio umeondoka.

Kuna kipimo ambacho yeyote anaweza kukifanya nyumbani. Chukua bonge la udongo mkavu kutoka shambani na lingine kutoka chini ya mti au kichaka ambako hapajalimwa miaka mingi, yatumbukize polepole kwenye bilauri mbili za maji. Bonge likisambaratika kuwa tope ndani ya dakika chache, udongo huo umeishiwa mboji, na matone ya mvua yataufanyia hivyohivyo.

Watu hutarajia tushuke na mitambo. Ipo, lakini chombo ninachokipenda ni fremu ya A: miti miwili iliyofungwa pamoja kileleni, mmoja wa kukingamisha katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia. Isimamishe, weka alama pale kamba inapogusa mti wa katikati, kisha ubadilishane miguu yake na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Ukitembea nayo huku ukichomeka vijiti, unapata kontua, yaani mstari ulio usawa mmoja unaoukata mteremko, kwa gharama ya kamba.

Kwenye mstari huo ndipo tunapochimba makinga maji. Katika aina iitwayo fanya juu, udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu, na kadiri miaka inavyopita shamba hujitengeneza ngazi lenyewe. Jina hilo la Kiswahili, lililoenea kutoka Kenya, limeingia kwenye vitabu vya Kiingereza vya fani hii bila kutafsiriwa. Mteremko wa asilimia 16 huhitaji makinga maji kila baada ya mita 11 hivi. Ukingo hupandwa matete au majani ya Gwatemala, na hapo ng'ombe naye anakuwa na sababu ya kuutetea mradi.

Utaalamu bila kusikiliza watu umeshatuaibisha. Milimani Uluguru, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na kwenye udongo mwembamba ngazi hizo zilifukua udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 upinzani ukalipuka, mpango ukaachwa. Ilhali huko Mbinga, Wamatengo walikuwa wakilima ngoro kwenye miteremko mikali bila kushurutishwa na mtu: wanafyeka nyasi, wanazipanga kwa miraba, wanazifunika kwa udongo uliochimbwa katikati ya kila mraba. Shimo linalobaki hunasa maji, nyasi zinaoza kuwa mboji, maharage hutangulia na mahindi hufuata. Mimi nina shahada na bado sijui mbinu inayoishinda ngoro kwenye mteremko wa namna ile.

Ukitaka kutuita, pitia kwa afisa ugani wa kata yako wakati wa kiangazi, kabla jembe halijaingia shambani, ili makinga maji yawahi mvua. Lakini maandalizi yafanye mvua zikiwepo. Siku ya mvua kubwa, radi ikishatulia, vaa koti na mabuti uzungukie mipaka ya shamba. Popote maji yanapoingilia chomeka kijiti, na popote yanapotokea chomeka kingine. Tukifika tutaviulizia vijiti hivyo kabla hatujauliza habari ya korongo.