Mstari wa 58 hauna kosa

Jana tena nimeletewa kodi (code) ya JavaScript, yaani maandishi ya programu ya ukurasa wa wavuti, na malalamiko yale yale, "konsoli (dirisha la brauza linaloonyesha makosa) inasema kosa liko mstari wa 58, nimeukodolea macho lisaa lizima sioni kitu." Huoni kwa sababu halipo! Ile namba ni pale brauza ilipokwama, sio pale ulipokosea wewe, na hapo katikati panaweza kuwa na mistari hata arobaini.

Umefungua { mstari wa 12 ukasahau kuifunga. Brauza inaendelea kusoma ikisubiri } mpaka faili linaisha, ndo inasema "Unexpected end of input" (maandishi yameisha bila kutarajiwa) na kukupa namba ya mwisho kabisa. Kwa hiyo anzia ulipoambiwa urudi juu. Usishuke, huko chini brauza yenyewe haijafika.

Ila JavaScript afadhali, walau inapiga kelele. CSS, ile ya kupanga mwonekano wa ukurasa, ndo inatesa wanaoanza maana inanyamaza kimya. Andika color: red bila nukta mkato, halafu chini yake margin: 0 (nafasi ya pembeni), uone. Brauza inachukua "red margin: 0" yote kama thamani ya color, haiielewi, inaitupa, basi rangi huna na margin huna, na mtu anaifuta margin anaiandika upya mara tano wakati margin haijakosea chochote, mkosaji ni jirani yake wa juu. Fungua kikaguzi cha brauza (Inspect), utakuta color imepigwa mstari na margin imeng'ang'ania pembeni yake, sekunde mbili tu umeshajua.

HTML, ile inayojenga ukurasa wenyewe, ni hivyo hivyo, alama ya nukuu usipoifunga inameza kila kitu mpaka ikutane na nukuu nyingine.

Kuna wakati namba inasema kweli, mfano umekopi kodi kwenye meseji ikaja na nukuu zilizopinda “ ” badala ya zilizonyooka, hapo "Invalid or unexpected token" (alama isiyotarajiwa) inakuonyesha penyewe. Kwa hiyo sisemi uidharau namba, nasema usigande hapo.

Inayonisumbua mpaka leo ni return, amri ya JavaScript ya kurudisha jibu la funksheni. Unaandika return, unabonyeza enta, thamani unaiweka mstari wa chini, JavaScript inajiwekea nukta mkato yenyewe baada ya return na funksheni inakurudishia undefined, yaani hakuna thamani. Hakuna kosa jekundu wala namba, na kwa macho kodi imenyooka kabisa. Hii sina njia nzuri ya kumfundisha mtu aione kwa kusoma tu, mimi mwenyewe huwa naweka console.log (amri ya kuandika thamani kwenye konsoli) kwenye kila hatua mpaka nione undefined imeanzia wapi.