Hiyo plastiki kwenye jicho la bibi imetoka wapi? Maswali na majibu kuhusu mtoto wa jicho na dokta Harold Ridley

Watu wakiambiwa mzazi wao atatolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi, maswali yanakuja mfululizo na karibu yote yanazunguka hofu moja, kwamba plastiki itakaaje ndani ya jicho maisha yote bila kuleta balaa. Sio hofu ya kijinga hata kidogo. Mabingwa wa macho wa Ulaya nao walikuwa nayo zaidi ya miaka 70 iliyopita, na walimsumbua nayo sana yule aliyebuni hiyo lenzi, kwahiyo nitajibu maswali huku namsimulia yeye, maana majibu mengi yamo humo humo.

Mtoto wa jicho ni nini hasa? Ni kitu kimeota juu ya jicho?

Hapana. Kile kinyama kinachoota juu ya weupe wa jicho kuelekea katikati ni kitu kingine kabisa, watu wanachanganya sana. Mtoto wa jicho yuko ndani. Nyuma ya mboni kuna lenzi ya asili, angavu, kazi yake kusaidia kukusanya mwanga uangukie nyuma ya jicho, sasa protini za hiyo lenzi zikianza kushikana inapoteza uangavu wake, unaanza kuona ukungu, taa za magari usiku zinatawanyika, rangi zinafifia, miwani unabadilisha kila siku na haisaidii, na maumivu hamna. Umri ndo sababu kubwa, halafu kisukari, jicho kupigwa au kuchomwa na kitu, na kutumia matone yenye steroidi muda mrefu bila daktari (yale ya kununua tu duka la dawa kwasababu yalimsaidia jirani).

Wapo watoto wanaozaliwa nao. Ukiona mboni ya mtoto mchanga ina weupe usisubiri akue, mpeleke wiki hiyo hiyo, ubongo wake unajifunza kuona sasa hivi na ukikosa huo muda hata operesheni nzuri haitarudisha kila kitu.

Hakuna matone ya kuyeyusha? Bibi anawekewa asali asubuhi na jioni.

Hakuna. Sio asali, sio maji ya majani, sio maziwa ya mama, sio hayo matone yanayotangazwa kwenye simu. Ile lenzi iko ndani, asali inaishia juu ya konea, kile kioo cha mbele, tena inaweza kuleta vidonda na vidonda vikiacha kovu hapo ndo utajuta, maana mtoto wa jicho anatolewa lakini kovu la konea ni habari nyingine ngumu zaidi. Mpaka leo tiba ni operesheni tu.

Zamani kabla ya hizi lenzi walikuwa wanafanyaje?

Njia ya kale kabisa ilikuwa kuchoma jicho na sindano na kuisukuma ile lenzi iliyopauka idondoke nyuma ndani ya jicho. Mwanga unaingia, mgonjwa anafurahi, baada ya hapo jicho linavimba ndani au presha yake inapanda na wengi wanapofuka moja kwa moja. Kuna waganga bado wanafanya hivo sehemu za Afrika, mtu akija kijijini anasema anatoa mtoto wa jicho kwa sindano dakika mbili, kimbieni.

Baadae madaktari wakawa wanakata jicho na kuitoa lenzi nzima. Hapo ni afadhali, ila jicho linabaki bila lenzi, kwahiyo mgonjwa anapewa miwani minene kama kitako cha chupa, vitu vinaonekana vikubwa kuliko vilivyo, pembeni haoni vizuri, na kama ametolewa lenzi ya jicho moja tu hayo macho mawili hayakubaliani kabisa. Akivua miwani hana kitu.

Sasa nani aliwaza kuweka plastiki humo ndani?

Mwingereza, Harold Ridley, alizaliwa 1906, baba yake pia alikuwa daktari wa macho. Alifanya kazi London kwenye hospitali ya St Thomas' na ya macho ya Moorfields. Wakati wa vita kuu ya pili alipelekwa Afrika Magharibi, Ghana ya sasa, na huko hakukaa bure, alienda kijiji cha Funsi kaskazini akawachunguza watu waliopofushwa na ule ugonjwa wa usubi, wadudu wa mtoni ambao hata sisi Tanzania tunao maeneo ya Mahenge na Tukuyu, akachapisha utafiti wake 1945. Hiyo peke yake ingetosha kumpa jina. Watu wanakumbuka lenzi tu.

Lenzi ilianzia kwa rubani. Agosti 1940 rubani wa ndege ya kivita ya Hurricane, Gordon Cleaver, alipigwa risasi angani kusini mwa Uingereza, kioo cha chumba cha rubani kikapasuka na vipande vikamuingia machoni, siku hiyo hakuwa amevaa miwani yake ya urubani. Jicho la kulia likafa, la kushoto likabaki na vipande ndani. Kile kioo hakikuwa kioo cha kweli, ilikuwa plastiki ngumu inaitwa Perspex. Cleaver alifanyiwa operesheni nyingi, 18 za uso na macho, na Ridley alikuwa mmoja wa waliomhudumia, akawa anaangalia vile vipande mwaka hadi mwaka akitegemea jicho livimbe lijae uchafu kama inavyokuwa kikiingia kipande cha chuma au kijiti. Halikuvimba. Kama kipande hakina ncha inayokwaruza sehemu laini, jicho lilikaa nacho kimya.

Halafu siku moja, miaka kadhaa baadae, mwanafunzi wa udaktari alikuwa anaangalia Ridley akitoa mtoto wa jicho, operesheni ikaisha, mwanafunzi akauliza mbona hamjaweka lenzi nyingine pale mlipotoa ya zamani? Swali la mtu ambaye hajafundishwa bado kwamba kitu fulani hakiwezekani. Mimi nampa huyo mwanafunzi nusu ya sifa.

Kwahiyo jicho halikatai? Kuna ndugu yangu aliwekewa figo anameza vidonge kila siku ili mwili usiikatae.

Figo ina chembe hai za mtu mwingine, kinga ya mwili inazitambua kwamba ni wageni ndo maana ya vile vidonge. Lenzi haina chembe hai, ni plastiki safi, kinga haina cha kuikabili pale. Jicho linaweza kuvimba kidogo kwasababu ya kukatwa, matone yanatuliza, lakini hautakunywa dawa ya kuzuia kukataliwa. Jibu hili hatukulitoa maabara tu, limetoka kwenye macho ya Cleaver.

Ya kwanza ilifanikiwa?

Nusu nusu, na hapa ndo napapenda zaidi. Ridley alikaa na John Pike wa kampuni ya Rayner iliyokuwa inatengeneza vifaa vya macho, wakapata Perspex iliyosafishwa zaidi kutoka kampuni ya ICI, wakachonga lenzi kwa kuiga umbo la lenzi ya binadamu. Tarehe 29 Novemba 1949 pale St Thomas' akamfanyia mwanamke wa kwanza, ila lenzi ya kubaki moja kwa moja iliwekwa 8 Februari 1950. Walifanya kimya kimya, hawakutangaza.

Ikakaa, jicho likaitulia, ila yule mama akawa haoni mbali kabisa bila miwani, kipimo chake kilizidi dayopta 20 (dayopta ndo kipimo cha nguvu ya lenzi) za kutoona mbali! Kwanini? Waliiga umbo la lenzi ya asili vizuri sana, lakini plastiki inapinda mwanga zaidi kuliko lenzi ya mwili, kwahiyo umbo lile lile likatoa nguvu kubwa kupita kiasi. Walirekebisha kwa wagonjwa waliofuata. Na ndo maana leo mgonjwa kabla ya operesheni anapimwa urefu wa jicho kwa mashine na mviringo wa konea yake, namba zinaingizwa kwenye hesabu, inatoka nguvu ya lenzi inayomfaa yeye peke yake. Ukiona mzee wako anawekewa kile kifaa mbele ya jicho anaambiwa tulia mzee usipepese, usidhani wanapoteza muda.

Mbona walimpinga sasa?

Walimpinga sana aisee. Siri ilivuja kwa namna ya kuchekesha, mgonjwa wake mmoja alikosea akaenda kwa daktari mwingine wa macho ambaye naye anaitwa Ridley, Frederick Ridley, basi ikabidi aitangaze kazi yake mwenyewe, Oxford, Julai 1951, akaja na wagonjwa wake kabisa. Sir Stewart Duke-Elder, mkubwa wa madaktari wa macho wa enzi hizo, akakataa hata kuwaangalia. Daktari wa macho kazi yake ni kutoa vitu vilivyoingia jichoni, sasa huyu anaingiza!

Ila tuseme ukweli, wapinzani hawakuwa wabaya wote. Lenzi zile zilikuwa nzito, zaidi ya miligramu 100, upana milimita 8 na kidogo, duara tupu bila kitu cha kuzishikilia, kwahiyo nyingine zilichomoka zikadondoka nyuma, nyingine zikaleta uvimbe kwasababu ya dawa iliyotumika kuzisafishia. Zikawa zinatolewa. Ridley na wafuasi wake wakakaa miaka wakionekana watu wa hatari, mpaka 1966 yeye na Peter Choyce wakaanzisha klabu ya kimataifa ya madaktari wa lenzi ili wasaidiane, na Marekani ikaja kuziidhinisha rasmi miaka ya 1980 mwanzoni.

Heshima ilikuja amezeeka. Karibu 1990 yeye mwenyewe akapata mtoto wa jicho macho yote mawili, akawekewa lenzi pale pale St Thomas', Cleaver naye jicho lake lililobaki lilikuwa limewekewa lenzi miaka michache kabla. Mwaka 2000 malkia akampa cheo cha Sir, 2001 akafariki ana miaka 94. Utajiri wa lenzi hakuupata, hakuwahi kuifanya biashara yake.

Hizi za sasa ni zile zile?

Ukiishika utashangaa. Duara dogo jembamba la milimita 6 hivi, pembeni limetoka mikono miwili iliyopinda, hiyo mikono ndo inayojitandaza ndani ya kile kimfuko kilichokuwa kimebeba lenzi ya asili na kuishikilia katikati, tatizo lililomtesa Ridley likaishia hapo. Nyingi ni laini, zinakunjwa zinaingizwa kwenye kibomba chembamba, daktari anasukuma taratibu na lenzi inajifungua yenyewe ndani ya jicho.

Kukunja kulikuja na maana baada ya tundu kuwa dogo. Hilo ni la Charles Kelman wa New York, alikuwa kwa daktari wa meno anasafishwa meno kwa kifaa cha mawimbi ya sauti akawaza mbona hiki kinaweza kusaga mtoto wa jicho, 1967 akamfanyia mgonjwa wa kwanza. Leo tundu ni milimita 2 mpaka 3. Watu wanauliza kama ni laser, mara nyingi sio laser, ni hayo mawimbi, ingawa Patricia Bath, daktari Mmarekani mweusi kutoka Harlem, alibuni kifaa chake cha laser cha kazi hiyo na kupata hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu wake, 1988. Hospitali zetu nyingi wanatumia njia ya mkono, tundu la milimita 6 au 7 lililokatwa kwa mshazari linajifunga bila nyuzi, na mkono wa daktari akiwa mzoefu matokeo ni mazuri, usijione umepunjwa.

Bei je?

Lenzi yenyewe sio tena kitu cha matajiri. Zamani moja ilifika dola 100 na zaidi, mpaka Aurolab ya hospitali za Aravind kule India ilipoanza kutengeneza zake 1992 bei ikaporomoka mpaka kama dola 10 na kushuka. Watu wa Fred Hollows, yule daktari wa macho wa Australia, walijenga viwanda vya lenzi Nepal na Asmara, Eritrea. Bili ya hospitali inabeba mengine, vipimo, dawa, chumba, kwahiyo uliza mapema, ulizia na kambi za macho, hospitali kama CCBRT Dar, KCMC Moshi na Kikuyu kule Kenya wana historia ndefu na hii kazi.

Tusubiri mtoto wa jicho aive kwanza?

Hiyo ni ya enzi za miwani minene. Siku hizi akianza kumzuia mtu kazi zake, kusoma, kushona, kushuka ngazi, anatolewa. Akiiva sana anakuwa mgumu na operesheni inakuwa ndefu.

Lenzi inaexpire? Itapiga kelele airport?

Haiexpire ikishawekwa, inakaa maisha yote, na haina chuma kwahiyo pita tu. Ila ile ya kawaida inalenga umbali mmoja, kwahiyo wengi watahitaji miwani ya kusomea, sio kwamba dokta ameharibu.

Shangazi aliona vizuri mwaka mzima, sasa ukungu umerudi. Amerudi mtoto wa jicho?

Hawezi kurudi, lenzi ya asili haipo tena. Kile kimfuko kilichoachwa nyuma ya lenzi ndo kinapata utando kwa baadhi ya watu, na hapo sasa ndo laser inatumika kweli, anakaa kwenye mashine dakika chache, inatobolewa nafasi katikati, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Aende kliniki wamuangalie kwanza, inaweza kuwa utando, inaweza kuwa presha ya jicho au kisukari. Lakini aliyefanyiwa juzi juzi, siku chache tu au wiki, jicho likauma, likawa jekundu na uoni unashuka, huyo asisubiri tarehe ya kliniki wala kumalizia matone kwanza, mpelekeni leo hii hata kama ni usiku.