Kochi akitaka kunilipia nauli

Niko na miaka 11 nikipuliza firimbi hapa Nairobi, nyingi ligi za chini na zile tunamenti za mtaa, na swali ambalo marefa wapya huniuliza sana si la ofsaidi wala hendiboli. Ni hili: madam, yule kochi wa timu fulani wewe humwezaje? Wanauliza wakiwa wamekunja uso, maana washakutana naye. Kila mtaa uko na wake.

Mimi huwaambia kwanza kwamba Nairobi ni ndogo. Kochi ukimtoa leo, wiki mbili hazijaisha uko naye tena Ziwani, na hapo katikati mtapatana Gikomba kila mtu akichagua viatu vyake. Refa wa kwa TV akimaliza anapanda ndege anaenda zake, sisi tunangoja matatu stage moja na mtu aliyekuwa anatuita wezi saa moja iliyopita. Kwa hivyo ukiingia na mawazo kwamba hii ni vita ya dakika 90 na ikiisha imeisha, utaumia.

Sasa kelele za kochi si za aina moja. Mimi husikiza kama ni swali. "Refa, hiyo ilikuwa ya nini?" ni swali, na swali nalijibu, maneno matatu manne nikiendelea kukimbia, "alimvuta jezi, kochi", basi. Ukizidisha hapo inakuwa mjadala, na mjadala wa refa na kochi sijawahi kuona refa akishinda, hata akiwa na ukweli wote duniani. "Unatuibia!" si swali, hiyo mara ya kwanza namwangalia tu na kuendelea na kazi, na ukweli ni kwamba mara nyingi hata haniambii mimi, anamwambia mwenyekiti wa timu aliyesimama nyuma yake, ajue kwamba kushindwa leo si makosa ya kochi. Lakini akiniingilia mimi au familia yangu hapo hakuna kuangaliana, ni kadi.

Na hizi kadi zimetuokoa, watu hawajui tu. Njano na nyekundu zilianza Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico, lakini kuwaonyesha makochi na wenzao wa benchi kuliingia kwa sheria za mchezo 2019. Kabla ya hapo nilikuwa natembea mpaka kwa benchi namwambia kwa mdomo atoke, anajifanya hajasikia, "nani, mimi? nimefanya nini?", msaidizi wake anaingilia, meneja anaingilia, mashabiki washavuka kamba na hakuna mtu hata mmoja anajua nimeamua nini. Saa hii nasimama kando kidogo, nainua mkono, uwanja mzima umeona. Halafu kuna kipande kingine cha hiyo sheria nakipenda sana: tusi likitoka kwa benchi na nisijue limetoka kwa nani, kadi inamwendea kochi mkuu aliye hapo. Hii huwaambia mapema wakati nakagua viatu, mbele ya wote, na siku hiyo kochi mwenyewe ndiye polisi wa benchi lake.

Wakati huo huo ndio tunaelewana kuhusu boksi lao, ile sehemu ya kando ya uwanja kochi anasimama. Sheria inasema mita 1 kila upande wa viti, na mbele liishie mita 1 kabla ya laini, na anayetoa maelekezo ni mmoja kwa wakati. Huku Eastlands viwanja vingi havina hata chokaa ya hilo boksi, na viti ni benchi la kukopa kanisani, kwa hivyo naweka koni mbili wakiniona. Inaonekana kitu kidogo, lakini dakika ya 80 naonyesha koni tu, sina haja ya kuongea.

Kosa langu kubwa lilikuwa mwaka wangu wa tatu, kadi za makochi hazikuwa zimekuja. Vumbi, dakika za mwisho, timu yake iko chini moja bila na nimemnyima penalti. Akaanza kuniita mamii. Mamii hapa, mamii pale, mamii rudi jikoni. Nikaenda mbele ya benchi lake nikamwambia kwa sauti, "Na wewe kochi, wafundishe kwanza kurusha mpira." Vijana wake wakacheka. Nilisikia raha, siwadanganyi, kama sekunde tano hivi, halafu nikaona uso wake umebadilika, na haikuwa hasira, ilikuwa aibu. Mtu mzima amechekwa na watoto wa miaka 17 ambao kesho jioni anatakiwa kuwaambia wakimbie na wakimbie. Msimu wote uliobaki kila mpira wa kurusha ulikuwa kesi. Na kwa ripoti ningeandika nini, kwamba alinitusi nikamtusi?

Siku hizi nikisikia mamii nangoja mpira utoke, namwendea karibu, naongea chini chini wachezaji wasisikie: "Kochi, ni refa ama ni madam, chagua moja." Wengi huchagua madam. Asiyechagua namchagulia rangi, na usiku huo huo naandika ripoti kwa maneno yake yalivyotoka, Sheng na yote, bila kuongeza kwamba niliumia.

Kuna siku pia kochi yuko sawa. Nimekosea, naona nimekosea, lakini mchezo ukishaanza tena sheria hainiruhusu kurudi nyuma. Hapo namwambia "huenda niliikosa hiyo, kochi", mara moja tu kwa mechi. Kitu sifanyi ni kumlipa kwa kumpa uamuzi wa bure upande ule mwingine, maana ukianza kulipa madeni utalipa mpaka kipenga cha mwisho.

Pesa ndiyo ngumu kuliko kelele. Kwa mechi nyingi nilizochezesha huku chini timu ya nyumbani ndiyo hulipa marefa, tena mkononi, kwa hivyo nachukua na kusaini makochi wote wawili wakiwepo, kabla ya mpira kuanza.

Yule kochi wa mamii tulipatana jioni moja kwa matatu ya Jogoo Road, kiti kilichobaki kilikuwa kando yake. Konda alipofika akatoa mia mbili, "wawili". Nikasema hapana kochi, yangu niko nayo. Akakasirika, "kwani nauli ni hongo?" Nikamwambia si hongo, lakini huyo kijana nyuma yetu amevaa jezi ya timu utacheza nayo Jumapili. Akageuka, akamwona, akacheka mpaka akakohoa. Tukaongea mpaka Donholm, bei ya mipira, goti la namba nane wake, wazazi wasiolipa mchango. Akishuka akanigeukia pale mlangoni:

"Lakini madam, ile ilikuwa penalti."

"Mchezo ulishaanza tena, kochi."