Vipimo Vimerudi Vizuri, Niache Dawa ya Kolesteroli?

Kolesteroli ni nini?

Ni mafuta ambayo mwili huyahitaji kujengea seli na kutengenezea homoni. Sehemu kubwa hutoka kwenye ini lako mwenyewe, ndiyo maana kuna watu wembamba wanaokula vizuri na bado vipimo vyao viko juu. Kwenye majibu ya maabara angalia zaidi LDL, ile wanayoiita lehemu mbaya. Ikikaa juu miaka mingi, mafuta hujijenga ndani ya kuta za mishipa. Siku utando huo ukipasuka, damu huganda papo hapo na kuziba njia. Ukiziba mshipa wa moyo, ni mshtuko wa moyo. Ukiziba wa ubongo, ni kiharusi.

Mbona sisikii chochote?

Kolesteroli ya juu kwa kawaida haina dalili. Haiumi, haileti homa, haichoshi. Kipimo cha damu ndicho kinachoionyesha. Wanaosubiri wasikie kitu kwanza, wengi kitu cha kwanza wanachokisikia ni maumivu ya kifua.

Dawa zinafanyaje kazi?

Zinazoandikwa zaidi ni statini: atorvastatini, rosuvastatini, simvastatini na ndugu zao. Ya kwanza kuidhinishwa Marekani ilikuwa lovastatini, mwaka 1987, kwa hiyo hatuzungumzii dawa ya majaribio. Statini huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Ini likiona imepungua, huongeza vipokezi vya LDL kwenye seli zake na kuivuta kutoka kwenye damu. Dozi kubwa ya atorvastatini au rosuvastatini inaweza kushusha LDL kwa nusu au zaidi. Pia hutuliza ule utando ulioko ndani ya mishipa usipasuke kirahisi.

Statini isipotosha, daktari anaweza kuongeza ezetimibi, inayozuia kolesteroli isifyonzwe kwenye utumbo. Kuna sindano pia kwa walio katika hatari kubwa zaidi. Tatizo likiwa trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu) zilizo juu sana, dawa huwa nyingine. Hayo mwachie daktari wako.

Shika jambo moja katika maelezo haya: kazi yote hiyo inafanyika dawa ikiwa mwilini. Statini haibadilishi tabia ya ini lako kwa kudumu.

Nimepima tena, kolesteroli iko kawaida. Nimepona, niache?

Hapana.

Swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko mengine yote, na wengi huja kuuliza wakiwa wameshaacha. Kipimo kimerudi vizuri kwa sababu unakunywa dawa. Mwenye mwavuli akibaki mkavu, hasemi mvua imekatika. Ukiacha, ini linarudi kwenye kiwango chake cha zamani, na baada ya wiki chache LDL iko pale pale ilipokuwa. Hakuna kitakachokuonya, kwa kuwa haina dalili wakati wa kupanda kama isivyokuwa nazo mwanzo.

Hata kama nimebadili chakula na ninafanya mazoezi?

Hongera, na endelea, maana vinalinda moyo, shinikizo la damu na sukari. Lakini dawa usiache mwenyewe. Kama daktari akiona hatari yako ilikuwa ndogo na umebadilika kweli, yeye ndiye atakayeamua kupunguza dozi na kukupangia kipimo kingine. Huo ni mpango. Kuacha kimyakimya na kurudi kliniki baada ya mwaka si mpango.

Kwa aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, kiharusi kilichotokana na kuziba kwa mshipa, au aliyewekewa kijibomba cha kupanua mshipa wa moyo, jibu ni kali zaidi: usiache hata kama LDL imeshuka kuliko ya mtu mzima wa afya. Kushuka huko ndiko tunakokutaka. Lengo lako halilingani na la jirani yako. Mara nyingi tunaitaka LDL yako iwe chini ya 1.8, au hata 1.4, kwa kipimo cha mmol/L. Kwa hiyo maabara ikikuandikia "kawaida", bado huenda kwako wewe iko juu.

Je, nikipumzika kidogo ili ini nalo lipumzike?

Hapana, tafadhali. Ini halichoshwi na statini kwa namna hiyo. Vimeng'enya vya ini vinaweza kupanda kidogo kwa baadhi ya watu, na ndiyo maana daktari hupima damu. Madhara makubwa ya ini ni nadra sana. Hayo "mapumziko" yanaipumzisha dawa tu. Mishipa inaendelea kujazwa mafuta.

Dawa inaniuma misuli. Nayo nivumilie?

Usivumilie, na usiache kimyakimya. Njoo useme. Maumivu ya misuli yapo, lakini mengi yanayolaumiwa kwa statini hayatoki kwenye statini. Utafiti mmoja wa Uingereza uliotolewa 2020 uliwachukua watu walioacha statini kwa sababu ya madhara, ukawapa miezi mingine statini, miezi mingine vidonge bandia visivyo na dawa ndani, na mingine wasimeze chochote. Takribani asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye statini waliupata pia kwenye vidonge bandia. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Ila kwa sehemu kubwa chanzo hakikuwa dawa.

Na kama chanzo ni dawa kweli, tuna la kufanya: kupunguza dozi, kubadili aina ya statini, au kutumia dawa nyingine. Ukijiachisha mwenyewe, unatunyima nafasi hiyo.

Usisubiri miadi kama misuli inauma sana au imelegea na mkojo umekuwa wa rangi nyeusi au kahawia, au macho yamegeuka manjano. Hapo acha kidonge na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Nimesikia inaleta kisukari.

Inaweza kupandisha sukari kidogo, hasa kwa aliyekuwa tayari karibu na kisukari. Kwa mwenye hatari ya moyo, faida bado ni kubwa zaidi. Na mwenye kisukari tayari ni miongoni mwa watu wanaoihitaji statini sana.

Kuna juisi na unga wa kusafisha mishipa. Nibadilishe?

Hakuna juisi wala unga unaozibua mishipa ya moyo. Baadhi ya bidhaa za "asili" zina kemikali ileile ya lovastatini, ila bila dozi inayojulikana. Mtu anazimeza juu ya statini aliyoandikiwa, halafu anashangaa misuli inauma. Kila unachotumia kitaje mbele ya daktari au mfamasia. Klarithromaisini (antibiotiki), dawa kadhaa za fangasi na baadhi ya dawa za VVU huweza kupandisha statini mwilini hadi kiwango cha hatari.

Kuna wakati wa kuacha kweli?

Upo. Ukipata ujauzito au ukiwa unapanga kuupata, wasiliana na daktari mara moja. Kwa wengi husimamishwa. Dawa nyingine inayogongana nayo inaweza pia kulazimu isimame kwa siku chache. Tofauti ni kwamba kuna mtu anajua umeacha, na anajua utarudia lini.

Nimeshaacha miezi kadhaa. Nifanyeje?

Rudi kliniki wiki hii, hata kama miadi iko mbali. Sema ukweli kwamba uliacha na kwa nini, kwa sababu ukisema unakunywa, daktari ataona LDL iko juu na kukuongezea dozi usiyoihitaji. Beba dawa zako zote. Usimeze mbili kwa mkupuo kufidia siku zilizopita. Ukishaanza tena, utapimwa baada ya wiki 4 hadi 12.

Ila kama sasa hivi una maumivu yanayobana kifua, yanayokwenda mkononi au kwenye taya, au unakosa pumzi na kutoka jasho jingi, au mdomo umepinda na mkono umelegea, usitafute kidonge cha kolesteroli na usisubiri asubuhi. Nenda idara ya dharura sasa hivi, na usijiendeshe mwenyewe.