Fomula ya mpira naitoa siku ya kwanza

Kundi jipya likishaketi, swali halichelewi: "Mwalimu, fomula utatupa lini?" Mafundi wengi wanaokuja kwenye mafunzo ya teknolojia ya mpira wanaamini kuna siri imefungiwa kabatini, na ada waliyolipa ndiyo ufunguo wake. Basi naiandika ubaoni asubuhi hiyohiyo. Mpira asilia 100, zinki oksaidi 5, asidi steariki 2, masizi (unga mweusi wa kaboni unaoimarisha mpira) aina ya N330 50, mafuta 5, kinga ya uzee 2, CBS 0.6 ambayo ni kiharakishi, yaani kemikali ya kuharakisha mpira kuiva, na salfa 2.5. Haya, pigeni picha.

Namba zote hizo zinahesabiwa kwa kila sehemu 100 za mpira. Ukipima kilo 20 za mpira, kila namba unaigawa kwa 5, na salfa yako inakuwa nusu kilo. Ndivyo inavyoandikwa Malaysia, India na Marekani. Fomula ya namna hii haifichwi na mtu. Imo katika vitabu na vijarida vya wauza kemikali. Kinacholipiwa ada ni kujua nini kitatokea ukigusa namba mojawapo.

Tuanze na mbili za mwisho, kiharakishi na salfa. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa na salfa hauyeyuki juani wala haukakamai kwenye baridi, na Thomas Hancock akasajili hataza yake Uingereza mwaka 1843. Lakini kupika kwa salfa tupu kulichukua saa nyingi. Mwaka 1906 George Oenslager, mkemia wa Akron huko Marekani, alionyesha kwamba kemikali iitwayo anilini huharakisha kazi hiyo, na tangu hapo mpishi wa mpira ana mikono miwili: salfa na kiharakishi. Salfa nyingi na kiharakishi kidogo, kama fomula yangu ya ubaoni, hujenga kati ya minyororo ya molekuli za mpira madaraja marefu yenye atomi kadhaa za salfa. Madaraja hayo yanavumilia kupindwa na kunyooshwa mara nyingi sana, ila joto huyavunja. Ukigeuza, salfa ikapungua na kiharakishi kikaongezeka, madaraja yanakuwa mafupi: yanastahimili joto, lakini mpira unachoka haraka ukichezeshwa.

Mfano hai ni bushi za gari. Karakana moja, jina silitaji, ilichukua fomula ya tairi kama ilivyo, yenye salfa nyingi kama ile ya ubaoni, ikatengenezea bushi zinazokaa karibu na bomba la moshi. Zilitoka nzuri, nyeusi, zinang'aa, na kipimo cha ugumu cha Shore A kilisoma walichotaka. Baada ya miezi zikarudi zimekakamaa na kupasuka. Fundi aliongeza mafuta ili ziwe laini. Zikawa laini kweli, na zikarudi tena. Tulichobadilisha ni uwiano tu: salfa 1.5 na CBS 1.5, njia ya kati. Sikushusha salfa zaidi ya hapo, maana bushi nayo inachezeshwa mchana kutwa barabarani.

Bei ndiyo inayowagusa wenye viwanda kuliko kemia, na hapo huwa sina haraka. Watu wanaongeza chokaa kwenye mpira ili kupunguza gharama, kisha wanashangaa faida haionekani. Sababu ni kwamba malighafi inanunuliwa kwa kilo, lakini kalibu linajazwa kwa ujazo. Chukua mchanganyiko wa kutengenezea mikeka: mpira kilo 100, masizi 50, mafuta 10. Hizo ni kilo 160, na ukizigawa kwa densiti zao, yaani kilo kwa kila lita (mpira 0.92, masizi 1.8, mafuta 0.95), unapata lita 147 hivi. Tuseme mchanganyiko huo unakugharimu shilingi 5,000 kwa kilo. Sasa ongeza kilo 60 za chokaa ya shilingi 600. Bei ya kilo inashuka hadi 3,800, na bosi anafurahi. Lakini densiti ya chokaa ni 2.7, kwa hiyo kilo 60 zile zimekuongezea lita 22 tu. Gharama ya lita moja ilikuwa 5,442, sasa ni 4,940. Kwa kilo umeokoa asilimia 24, kwa mkeka unaotoka kwenye presi umeokoa asilimia 9, na mkeka wenyewe umekuwa mzito na unachanika upesi. Kwa mkeka wa mlangoni pengine inalipa. Kwa bushi hailipi hata kidogo. Nimeona wahasibu wakikokotoa upya hesabu hii kwenye simu zao mara mbili, kimya.

Kisha tunakwenda kwenye rola, mashine ya kuchanganyia mpira. Kabla mtu hajagusa kitu anipe saa, pete na bangili, akunje mikono ya shati, halafu mbele ya wenzake aivute ile fimbo ya kusimamisha mashine. Rola mbili hazizunguki kwa kasi sawa. Moja inaizidi nyingine kwa robo hivi, na tofauti hiyo ndiyo inayouchana na kuukanda mpira. Mwanzoni mpira unakataa, unarukaruka na kutoka vipande. Ukipata joto unajikunja kwenye rola ya mbele kama blanketi, na hapo ndipo unaingiza zinki na steariki, halafu masizi kidogokidogo pamoja na mafuta, huku ukikata kwa kisu kushoto na kulia ili uchanganyike sawasawa. Mwanafunzi mwenye haraka anamwaga masizi yote kwa mkupuo. Namwachia amalize, kisha namwambia akate kipande kwa wembe akiangalie kwenye mwanga: vidonge vidogo vya masizi vimebaki ndani, na kila kimoja ni mahali ambapo mpasuko utaanzia siku za usoni.

Salfa na kiharakishi vinaingia mwisho, mpira ukiwa chini ya nyuzi 100. Ukiviweka mapema, mchanganyiko unaanza kuiva ukiwa bado kwenye rola, unatoa vinundu, na hakuna dawa ya kuurudisha. Na salfa ikizidi kiasi ambacho mpira unaweza kukiyeyusha, itapanda juu yenyewe na kutanda kama unga mweupe kwenye bidhaa iliyokwisha kufungwa dukani.

Baada ya hapo kuna riomita, mashine ya kupima jinsi mpira unavyoiva. Unaweka kipande kidogo kati ya vibao viwili vya moto, kibao kimoja kinasokota kidogo kwenda na kurudi, na mashine inachora mchirizi. Kwanza unashuka mpira ukilainika, unatambaa, kisha unapanda kwa kasi salfa ikifanya kazi. Muda wa kutambaa ndio muda ulio nao wa kujaza kalibu. Panapofika asilimia 90 ya kupanda ndipo unapopima muda wa kupika. Kwa mpira asilia mchirizi ukiachwa huanza kushuka tena, yaani umeupika ukapitiliza. Kanuni ya haraka ni kwamba ukipandisha joto kwa nyuzi 10 muda unapungua karibu nusu: dakika 10 kwenye 150 zinakuwa 5 kwenye 160. Ila kipande cha riomita ni chembamba. Bushi nene kama ngumi haipikiki kwa muda huo, maana mpira hupitisha joto polepole; nje itaiva, katikati itabaki mbichi.

Kwetu Tanzania somo la mchirizi lina uzito zaidi. Mpira wa mashamba kama Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero ni zao la shambani, na karatasi za mpira za mzigo huu hazilingani ulaini na za mzigo ujao. Bila kupima, fomula ileile inakupa bidhaa mbili tofauti. Zamani kiwanda cha General Tyre pale Arusha na kile cha Nairobi kilichoanzishwa na Firestone ndivyo vilivyokuwa shule za kazi hii kwa vitendo. Cha Nairobi kilisimamisha uzalishaji wa tairi mwaka 2016, na cha Arusha kilikwisha kufungwa kabla yake. Anayetaka kujifunza leo mara nyingi anatazama nje: Bodi ya Mpira ya India iliyoko Kottayam, Kerala, inatoa mafunzo, na kituo cha utafiti cha Wamalaysia kilichoko Brickendonbury, Uingereza, nacho pia.

Popote utakapoomba nafasi, kabla ya kutuma ada waulize mambo mawili. Je, nitachanganya kwa mikono yangu mwenyewe au nitatazama? Na je, naruhusiwa kuja na mpira wa kiwandani kwetu tuupime kwenye riomita yenu? Wakijibu kwamba kozi yote ni slaidi na cheti, nauli hiyo nunulia mizani nzuri.