Mwangaza wa skrini na kebo za Game Boy: dhana potofu na ukweli

Ukoo wa Game Boy, konsoli za michezo za mkononi za Nintendo, ulianza 1989, na mtu anayenunua mojawapo leo, tayari imepita mikono kadhaa, huishia kuuliza maswali mawili: mbona sioni kitu, na mbona hizi mbili hazisomani nikiziunga kwa kebo? Jibu halimo kwenye umbo wala rangi ya kifaa. Limo kwenye namba ya modeli iliyochapwa kwenye lebo ya mgongoni: DMG-01 ni Game Boy ya kwanza, MGB-001 ni Pocket, CGB-001 ni Color, AGB-001 ni Advance, AGS-001 na AGS-101 ni Advance SP za aina mbili, na OXY-001 ni Micro. Dhana nyingi zilizo hapa chini zinatokana na kuipuuza lebo hiyo.

"Kile kigurudumu cha ubavuni kinaongeza mwanga."

Hakiongezi, kwa sababu DMG-01 na Pocket hazina taa yoyote nyuma ya skrini. Kigurudumu kinabadilisha volti inayoendesha skrini, na kinachobadilika ni jinsi vitone vinavyokolea. Kizungushe mpaka mwisho upande mmoja, skrini nzima inageuka nyeusi. Upande wa pili, picha inayeyuka. Mwanga wenyewe unatoka nje: unapenya skrini, unagonga bamba linaloakisi lililo nyuma yake, kisha unarudi machoni. Kwa hiyo dawa ya giza ni kukaa na taa au dirisha nyuma ya bega, halafu kuinamisha kifaa kidogokidogo mpaka mng'ao wa kioo cha juu uhame.

Picha ya DMG-01 ikianza kupauka katikati ya mchezo, angalia kwanza kitaa chekundu cha betri kilicho kushoto mwa skrini. Kikiwa kimefifia, betri nne zinaelekea kuisha, na kuzungusha kigurudumu ni kujisumbua bure.

Kati ya Game Boy za skrini isiyo na rangi, yenye taa ni moja tu, Game Boy Light, iliyouzwa Japani pekee mwaka 1998.

"Skrini ilipopata rangi, ilipata na taa."

Game Boy Color (1998) na Game Boy Advance ya kwanza (2001) zote ni za kuakisi. Hazina taa, na kigurudumu nacho kimeondolewa, kwa hiyo mchezaji hana cha kurekebisha zaidi ya mahali alipokaa. AGB-001 ndiyo iliyolalamikiwa zaidi, maana gemu zake nyingi zilichorwa kwa rangi nzito. Castlevania: Circle of the Moon ni mfano unaotajwa kila mara: kuta nyeusi, maadui weusi, skrini isiyo na taa. Baadaye watengenezaji wakaanza kupausha rangi makusudi ili picha ionekane. Ndiyo maana baadhi ya gemu hizo zikichezwa leo kwenye skrini yenye taa ya nyuma huonekana kama zimefuliwa mara nyingi. Skrini haina kosa. Rangi zilitiwa hivyo tangu mwanzo.

"SP ni SP, zote zina mwanga sawa."

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. AGS-001 ya mwaka 2003 ina taa ya mbele: taa ndogo iko ukingoni, na mwanga wake unatandazwa juu ya skrini ileile ya kuakisi. Matokeo yake ni picha yenye ukungu, na weusi usio mweusi kweli. AGS-101 ya 2005 ina taa ya nyuma, na tofauti yake unaiona hata ukiwa hatua tatu kutoka ilipo.

Usiiamini lebo peke yake, kwa sababu maganda hubadilishwa na lebo hubandikwa upya. Jaribu kitufe kidogo kilicho katikati, juu ya vitufe vingine, chini ya bawaba. Kwenye AGS-001 kitufe hicho kinazima na kuwasha taa. Ukiizima, picha inabaki na bado unaweza kucheza juani. Kwenye AGS-101 hakizimi kitu: kinahama kati ya viwango viwili, wa kawaida na wa juu. Ukibonyeza na taa ikazimika kabisa, una 001 mkononi, hata lebo iseme nini. Kama kifaa hakina chaji, kifungue ukitazame kikiwa kimezimwa: skrini ya 101 ni nyeusi, ya 001 ina ujivujivu.

Bei ya mwanga ni saa za betri. Nintendo ilitaja saa 10 kwa AGS-001 taa ikiwa imewashwa na 18 ikiwa imezimwa. AGS-101 kwenye kiwango cha juu inatajiwa kama saa 7. Betri iliyozeeka haifikii hesabu hizo.

Micro ina viwango vitano vya mwangaza: shikilia L, kisha bonyeza kitufe cha sauti juu au chini. DS ya kwanza, konsoli ya Nintendo iliyokuja baada ya Advance, ni kuwasha na kuzima tu, na DS Lite ina viwango vinne.

"Nitachomeka kitaa cha pembeni, nicheze na rafiki gizani."

Vitaa vya shingo ndefu vya Game Boy Color huchukua umeme kwenye tundu la kebo ya kuunganishia. Kitaa kikiwa ndani, kebo haina pa kuingia. Kwa kucheza wawili, tumia kitaa chenye betri yake.

"Ukiweka skrini mpya ya IPS, kebo hazitasoma tena."

Skrini na saketi ya kebo ni njia mbili tofauti. Kinachoathirika ni umeme: skrini ya IPS, ile ya kisasa yenye taa ya nyuma inayowekwa badala ya ya kiwandani, inakula zaidi, na ukiongeza kaseti ya kadi ya kumbukumbu, ambayo nayo ni mlaji, betri dhaifu hushindwa kuubeba mzigo. Konsoli inajizima au inaanza upya katikati ya kubadilishana data kwa kebo, na lawama anabebeshwa aliyebadilisha skrini. Punguza mwangaza, weka betri mpya, ndipo ujaribu tena. Betri za kuchaji za NiMH zina volti 1.2 badala ya 1.5 za alkalini, kwa hiyo taa ya onyo inaweza kuwaka mapema kuliko ulivyozoea.

Swichi ya umeme yenye kutu au vumbi nayo inaangusha volti kwa namna hiyohiyo. Tone moja la alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sukuma swichi mbele na nyuma mara ishirini hivi, acha ikauke. Shida nyingi za "skrini mbovu" kwenye Color huishia hapo.

Kwa anayejibadilishia skrini mwenyewe kwenye AGB-001: bodi zake ni za aina mbili, yenye tundu la utepe (kebo bapa inayounga skrini na bodi) la pini 32 na yenye pini 40. Fungua utazame kabla ya kununua utepe.

"Kebo ikiingia, itafanya kazi."

Dhana hii ndiyo inayowapoteza watu wengi kuliko zote. Tuanze na umbo. DMG-01 ina tundu kubwa. Pocket, Light na Color zina tundu dogo. Kuunganisha DMG-01 na Color kunahitaji kebo yenye ncha mbili tofauti, au adapta, na hapo mambo ni rahisi, kwa kuwa lugha ni ileile: biti nane kwa wakati mmoja, upande mmoja ukipiga mdundo na mwingine ukifuata.

Matata yanaanza na Advance. Plagi ya kebo ya Color inaingia kwenye Advance bila shida. Plagi ya kebo ya Advance haiingii kwenye Color, kwa sababu imewekewa kijino cha kuizuia. Wapo wanaokikwangua kwa kisu. Wanapata plagi inayoingia na kebo isiyosaidia kitu, na sababu iko ndani ya waya.

Kebo ya Color imepishana: waya wa kutuma wa huyu unaingia kwenye waya wa kupokea wa yule, na wa yule unarudi kwa huyu. Kebo ya Advance haikusukwa hivyo. Waya wa kutuma wa mchezaji wa kwanza unakwenda kwenye kupokea kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, mpaka wa nne; lakini kupokea kwa wa kwanza hakuungwi na mtu, kumefungwa kwenye waya wa ardhi ili konsoli ijue kwamba yenyewe ndiyo kiongozi. Data ya kurudi inapita kwenye waya mwingine ambao wote wanne wanauchangia, na gemu za Game Boy za zamani hazijui kuutumia waya huo. Chomeka kebo ya Advance kwenye SP mbili zenye gemu za Color: wa kwanza anaongea, wa pili anasikia, lakini jibu halirudi. Skrini zinaganda kwenye ujumbe wa kusubiri.

Kebo ya Color ikitumiwa kwa gemu za Advance nayo inakwama, maana inakosa ule waya wa kuchangia na ile alama ya kiongozi.

Kwa hiyo chagua kebo kwa kutazama kaseti, si konsoli. Kaseti za Game Boy au Color, hata zikichezwa kwenye Advance au SP, zinataka kebo ya Color. Kaseti za Advance zinataka kebo ya Advance. Kebo za bei ya chini zilizoandikwa majina yote mawili mara nyingi zimesukwa kwa namna moja tu.

"Advance inacheza gemu za zamani, basi itaziunganisha na mpya."

Ndani ya tundu la kaseti la Advance kuna swichi inayosukumwa na umbo la kaseti ya zamani. Ikisukumwa, konsoli inawaka kama Game Boy Color, kwa volti 5. Isiposukumwa, inawaka kama Advance, kwa volti 3.3. Ni moja au nyingine. Gemu iliyo upande wa Color haina njia ya kuongea na iliyo upande wa Advance, na ndiyo maana Pokémon, viumbe wa gemu za jina hilo, hawakuweza kuhama kutoka matoleo ya Gold na Silver (ya Color) kwenda Ruby na Sapphire (ya Advance). Kutoka matoleo ya kwanza, Red na Blue, kwenda Gold na Silver inawezekana, kwa masharti ya gemu yenyewe.

Tahadhari moja hapo: usibadilishane Pokémon kati ya toleo la Kijapani na la Kiingereza katika vizazi hivyo viwili vya kwanza. Kebo inakubali, konsoli zinakubali, kumbukumbu ya kaseti inaharibika.

Na Color ilikuwa na dirisha la infraredi (mwanga usioonekana unaobeba data) juu ya ganda, Advance haina. Huduma ya zawadi ya Gold na Silver inayotumia dirisha hilo haifanyi kazi kwenye Advance wala SP, hata ufanyeje.

"Plagi ya zambarau na ya kijivu ni urembo."

Zambarau ni ya mchezaji wa kwanza. Katikati ya kebo kuna kijisanduku chenye tundu, na plagi ya zambarau ya kebo ya pili inaingia hapo. Kebo tatu zinatosha watu wanne. Kwa gemu ambayo watu kadhaa hucheza kwa kaseti moja tu, wengine wakiipakua kupitia kebo, kaseti ikiwa upande wa kijivu kupakua hakuanzi. Zima zote, chomeka kaseti, chomeka kebo, zambarau kwa mwenye kaseti, ndipo uwashe.

"Adapta isiyo na waya inachukua nafasi ya kebo."

Kwa gemu zilizoandikwa kuitambua tu. Pokémon FireRed na LeafGreen zinaitambua; Ruby na Sapphire hapana.

"DS inasoma kaseti za Advance, kwa hiyo tutaunganisha."

DS na DS Lite hazina tundu la kebo kabisa. Gemu ya Advance ndani yake inachezwa na mtu mmoja, na kaseti za Game Boy na Color hazisomi. DSi iliondoa hata tundu la kaseti za Advance. Micro inalo tundu la kebo, lakini dogo la aina yake, na ili ikutane na Advance au SP inahitaji adapta iliyotengenezwa kwa ajili yake.