Zuu bora duniani ni ipi? Porojo za kijiweni na ukweli wake

Shemeji yangu ni baharia, na kila bandari anayoshuka lazima arudi na ubishi. Safari hii karudi na wa zuu. Jumamosi jioni, Magomeni, kahawa ya pili haijapoa, katoa simu na kutuonesha picha ya orangutani wa Singapore akining'inia kwenye kamba juu ya vichwa vya watu. Hakuna nondo, hakuna kioo. "Hii ndiyo zuu. Nyinyi mna nini?" Jirani yetu wa bajaji akadakia kwamba mwenye Serengeti haulizwi habari za zuu. Babu muuza kahawa naye akatupia lake: wanyama wote hao wazungu walituibia. Mimi nilifundisha baiolojia mpaka nilipostaafu, kwa hiyo nikafanywa refa bila kuombwa. Nimeona niandike, maana siku ile kila nikifungua mdomo nakatwa kauli.

Dhana: Mwenye Serengeti hahitaji zuu

Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, na hakuna zuu inayoweza kushindana nayo. Hilo halina ubishi. Lakini muulize mtoto wa Magomeni simba alimwonea wapi. Wengi watakwambia Sabasaba, kwenye banda la Maliasili, akiwa begani kwa baba yake na foleni imewabana pande zote. Mbuga tunazo, ila nauli, kiingilio na gari la kuzungukia vinawashinda wengi wetu.

Hilo hata hivyo ni dogo. Kubwa ni chura.

Chura wa Kihansi aligunduliwa na wanasayansi mwaka 1996, kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Mkubwa wake hafiki sentimita tatu. Akikaa kwenye ukucha wa kidole gumba anakaribia kuujaza. Ana rangi ya manjano, na tofauti na vyura tunaowajua hatagi mayai, anazaa vitoto vilivyokwisha kuwa vyura. Duniani kote alikuwa anaishi hapo tu, kwenye eneo la kama hekta mbili linaloloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko. Ukilinganisha, ni viwanja vitatu hivi vya mpira.

Halafu tukajenga bwawa la umeme, megawati 180. Tulikuwa tunauhitaji, na bado tunautumia. Maji yaliyokuwa yakiangukia korongoni yakapungua kwa kama asilimia 90, manyunyu yakakatika. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga maporomoko, na kwa muda ikaonekana yanasaidia. Mwaka 2003 vyura wakaporomoka ghafla, na kwenye mizoga ikakutwa fangasi ileile inayoua vyura sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini.

Hawakutoweka kabisa kwa sababu moja: mwishoni mwa mwaka 2000, kwa idhini ya serikali yetu, vyura wapatao 500 walikwishapelekwa Marekani, kwenye zuu ya Bronx, New York. Baadaye zuu ya Toledo, Ohio, nayo ikawalea. Mwanzoni walikufa kwa wingi, kwani hakuna aliyejua wanataka mwanga wa aina gani, unyevu kiasi gani, au wadudu wa ukubwa upi. Watunzaji walijifunza kwa hasara. Mwaka 2010 vyura 100 wakapandishwa ndege kurudi nyumbani, wakawekwa kwenye kituo maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi.

Nakumbuka watu walivyocheka wakati ule: umeme wa nchi nzima ubishaniwe kwa ajili ya chura? Sikucheka, ingawa nakiri sikuwa na jibu la kuwapa waliocheka. Ninachosema ni kwamba mbuga zetu zote kwa ukubwa wake hazikuweza kumwokoa mnyama huyu. Aliokolewa na masanduku ya vioo ya mji ambao hana ndugu.

Dhana: Zuu bora ni ile yenye wanyama wengi

Ndivyo shindano lilivyoendeshwa Ulaya kwa miaka mingi. Zuu ya Berlin, iliyofunguliwa mwaka 1844, imo miongoni mwa zenye spishi nyingi zaidi duniani, na eneo lake ni hekta 30 na kitu tu. Ya London ilianza mwaka 1828 kwa ajili ya wanasayansi; watu wa kawaida wakaruhusiwa kulipa na kuingia mwaka 1847. Ina kama hekta 15. Humo waliwahi kubanana tembo, dubu na wengine wote, mpaka mwaka 2001 wenyewe walipowahamishia tembo wao Whipsnade, nje ya mji, kwenye nafasi. Zuu ikipunguza wanyama kwa hiari yake, mimi naipandisha daraja.

San Diego, Marekani, wameligawa tatizo mara mbili. Zuu ya mjini ina hekta 40, na nje ya mji wana eneo jingine la zaidi ya hekta 700 ambako vifaru na twiga wanatembea kwa makundi. Pia tangu mwaka 1975 wanahifadhi kwenye baridi kali chembe hai za wanyama, ambazo sasa zimepita sampuli 10,000. Mgeni aliyekata tiketi hazioni, na kwenye picha za shemeji hazitakuwemo.

Kama ningeulizwa kipimo changu, ningehesabu wanaotoka getini kurudi porini kuliko wanaoingia. Choroa wa Arabuni aliisha porini mwaka 1972. Miaka kumi kabla, wachache walikwishakusanywa na kupelekwa zuu ya Phoenix, Arizona, na kizazi chao ndicho kilichorudishwa Oman mwaka 1982. Kwa hesabu hiyo mji wa jangwani usiotajwa sana unawapita wenye majina makubwa.

Dhana: Wanyama wa zuu za Ulaya wote ni wizi kutoka Afrika

Babu hapa hakukosea sana, alichelewa tu. Karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 ilikuwa biashara ya wazi. Mjerumani Carl Hagenbeck wa Hamburg alisambaza wanyama wa Afrika dunia nzima, na hata watu aliwaonesha kwa kiingilio. Na hiyohiyo zuu ya Bronx niliyoisifu hapo juu, mwaka 1906 ilimweka Ota Benga, kijana kutoka Kongo, kwenye nyumba ya nyani ili watu waje kumtazama. Wenye zuu waliomba radhi rasmi mwaka 2020, miaka 114 baadaye. Nilipolisema hili kijiweni palinyamaza mpaka zikasikika kete za bao la jirani.

Leo mambo ni tofauti. Sehemu kubwa ya mamalia walioko kwenye zuu zenye hadhi wamezaliwa humohumo. Kila spishi muhimu ina daftari la ukoo: nani kamzaa nani, nani aozwe wapi, ili ndugu wasizae wao kwa wao. Twiga dume anaweza kuhamishwa nchi nzima kwa ajili ya posa, na mara nyingi hauzwi, anaazimwa.

Wizi wa karibuni tunaoukumbuka haukuhusu Ulaya kabisa. Novemba 2010 wanyama zaidi ya 100, twiga wakiwemo, walipakiwa ndege uwanja wa Kilimanjaro wakapelekwa Qatar. Ndiyo maana mpaka leo ukimwambia Mtanzania jambo fulani haliwezekani anaweza kukujibu kwamba hata twiga alipanda ndege. Mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje.

Dhana: Simba aliyelala kapewa dawa

Hii kila Sabasaba lazima uisikie. "Wamemdunga huyo, angalia anavyolegea." Simba hulala au kujilaza hadi saa 20 kwa siku, Serengeti au popote. Ukimkuta saa nane mchana kalala kifudifudi na jua linawaka, huyo yuko kawaida yake.

Wa kumhofia ni yule ambaye umati unamshangilia. Anatembea. Anafika kona, anageuza kichwa upande uleule, anarudi, anakanyaga palepale mpaka ardhi imefanya njia. Watoto wanapiga makofi wakidhani anafanya gwaride. Mwendo huo wa kujirudia ni dalili ya mnyama aliyekosa cha kufanya, au aliyewahi kukikosa huko nyuma, kwa sababu tabia hiyo hubaki hata baada ya kuhamishiwa pazuri. Utafiti wa Oxford wa mwaka 2003 ulionesha kwamba wala nyama wanaozunguka eneo kubwa porini ndio wanaopata shida zaidi kizimbani, dubu wa barafu akiwa wa kwanza. Ukienda zuu yoyote, tazama chini kwanza: kama kuna njia iliyochimbwa na nyayo kando ya wavu, usiipe zuu hiyo nyota tano.

Dhana: Kwenye zuu mnyama anaishi miaka mingi kuliko porini

Inategemea ni mnyama gani, na hapa wapenzi wa zuu na wapinzani wake wote huchagua takwimu inayowafaa. Utafiti wa mwaka 2016 uliopitia zaidi ya spishi 50 za mamalia ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 huishi muda mrefu zaidi kwenye zuu, hasa wadogo wenye maisha mafupi. Maadui hawapo, chakula kipo, daktari yupo.

Tembo anaharibu hesabu. Mwaka 2008 ulitoka utafiti wa tembo jike wa Kiafrika waliozaliwa kwenye zuu za Ulaya: nusu yao hawakufikisha miaka 17. Amboseli, ng'ambo tu ya Kilimanjaro, ukiwaondoa waliouawa na binadamu, nusu walifika miaka 56. Kwa hiyo mtu akinionesha zuu yake bora huwa namuuliza kama ina tembo, na wanakaa wapi.

Dhana: Bila nondo maana yake ni zuu ya kisasa

Hagenbeck huyohuyo ndiye aliyefungua zuu ya mahandaki badala ya nondo, Hamburg, mwaka 1907. Jambo lina zaidi ya miaka mia. Singapore, iliyofunguliwa mwaka 1973, imelifanya kwa ustadi, na mwaka 1994 wakafungua zuu ya usiku, ya kwanza duniani, kwa kuwa wanyama wengi wa msituni huamka jua likizama. Hapo nampa shemeji pointi zake. Ila handaki linamfichia mtazamaji ule mpaka tu; mnyama bado anaujua ulipo.

Dhana: Afrika hatuna zuu za kuzungumzia

Pretoria wanayo tangu mwaka 1899, hekta kama 85. Giza, Misri, ni ya mwaka 1891, ingawa iliondolewa kwenye umoja wa zuu duniani mwaka 2004 kwa hali yake. Ya Entebbe ilianza mwaka 1952 ikipokea wanyama yatima na waliokamatwa kwa majangili. Nairobi wana kituo cha yatima tangu mwaka 1964, langoni mwa hifadhi.

Mwaka huohuo wa 1964 sisi tulianzisha yetu, kisiwa cha Saanane, pale Mwanza. Leo ni Hifadhi ya Taifa, tangu mwaka 2013. Sijui ni zuu ngapi duniani zimepandishwa cheo namna hiyo, lakini kijiweni sikukuta hata mmoja aliyeijua historia hiyo, na watatu kati yao wana ndugu Mwanza.

Dhana: Kuna orodha rasmi ya zuu bora

Hakuna. Zile "kumi bora" za mtandaoni zinapangwa kwa kura za watalii, na mtalii hupiga kura kwa mujibu wa usafi wa vyoo na bei ya ayskrimu. Kilichopo ni vyama vinavyokagua na kutoa ithibati: Afrika kipo, Ulaya kipo, Marekani kipo. Huko Marekani waliopata ithibati ni chini ya asilimia 10 ya wenye leseni ya kuonesha wanyama. Waliobaki ni mchanganyiko, na humo wamo wenye chui kwenye banda la nyuma ya nyumba kando ya barabara kuu.

Nilipomaliza, shemeji akanywa tone la mwisho, akazima simu. "Sawa shem. Hao vyura wako wa Mlimani, kiingilio shilingi ngapi?"

Nikamwambia hakuna kiingilio. Ile ni maabara, na fangasi ile inaweza kuingia hata na tope la soli ya kiatu.

Jirani wa bajaji alikuwa bado ananitazama. "Mwalimu, mimi kila siku nashusha abiria pale getini."

Babu akamwongezea kahawa bila kuulizwa.